Waraka kwa wanachama: tuandike kitabu kisemacho kipi kizuri na kipi kibovu

Kwa wanachama wote wa kikundi chetu cha wasikilizaji wa muziki, Changamwe: walio Chaani, Magongo, Port Reitz, Miritini, na hata waliohamia Mikindani lakini hawakosi kikao.

Ndugu zangu,

Kikao kilichopita kilivunjika kwa ubishi: pesa za mfuko zinunue spika mpya, au zitumike kutoa kitabu? Wenye hoja ya spika walisema sana na walisikika. Nimeombwa niandike upande wa kitabu ili mwende nao nyumbani kabla hatujapiga kura, nami sitauma maneno. Spika tulizo nazo zatosha kuwakosesha majirani usingizi. Kitabu hatuna, na hakuna atakayetuandikia.

Sisemi kitabu cha historia. Wala sisemi kitabu cha kuwasifu wasanii wetu, maana sifa ziko tele na kila matanga ya mwanamuziki huongeza nyingine. Nasema mwongozo: majina ya bendi na waimbaji kwa mpango wa alfabeti, chini ya kila jina sahani na kaseti zao, lebo, mwaka ukijulikana, nani alishika gita la solo na nani besi, kisha aya za hukumu. Kipi mtu aanze nacho, kipi akiache, na kwa nini. Ugomvi wote uko hapo kwenye hukumu, na thamani yote pia iko hapo.

Mfano upo, tena umetoka kwa watu wa roki. Mjini New York kulikuwa na jarida likiitwa Trouser Press, lililoanza 1974 na kufungwa 1984. Mhariri wake, Ira Robbins, alitoa mwongozo wa kwanza wa rekodi mwaka 1983, ukafuatiwa na matoleo mengine yaliyozidi kunenepa, mpaka lile la 1997 lililohusu roki ya miaka ya tisini. Ulishughulika hasa na roki mbadala, muziki ambao redio kubwa hazikuupiga na ambao mara nyingi ulitolewa na lebo ndogo zisizo na pesa za matangazo. Kijana aliye mbali na miji mikubwa, mwenye pesa ya sahani moja tu kwa mwezi, angejuaje anunue ipi? Alifungua kitabu. Bendi iliyotoa sahani moja ikafa ilipewa nafasi yake sambamba na bendi iliyojaza viwanja. Kitabu hicho hakikupanga nyota wala maksi. Msomaji alilazimika kuisoma sababu. Mwenzao Robert Christgau, katika mwongozo wake wa 1981, yeye alitoa alama A, B, C kama mwalimu wa darasa la saba. Mimi niko na wa kwanza. Alama humfanya msomaji aache kusoma.

Sasa tutazame kwetu. Pale kwenye sanduku la mwenyekiti chukueni sahani yoyote ya mizunguko arobaini na tano. Katikati mtaona jina la wimbo, jina la bendi, pengine mtunzi, na nambari ya lebo. Upande wa pili ni wimbo uleule, sehemu ya pili. Mwaka, mara nyingi haupo. Aliyepiga gita hatajwi. Hakuna anayewaambia kwamba utamu wote wa wimbo huo uko upande wa pili, pale mwimbaji anaponyamaza na magita yakaachwa yajibizane. Mtu asiyejua atasikiliza upande wa kwanza, aseme wimbo ni wa kawaida, airudishe sahani kwenye mfuko. Neno moja tu la mwongozo, “geuza”, lingemwokoa.

Halafu kuna mkanganyiko wa majina. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Kinyonga na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz kisha Arusha Jazz, wakaingia Mombasa, na hapa ndipo Simba Wanyika ilipoanzishwa mwaka 1971, kabla ya kuhamia Nairobi katikati ya muongo huo. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitenga, akiwemo Omar Shabani wa gita la ridhimu na Tom Malanga wa besi. John Ngereza akajiunga nao, ikawa Les Wanyika. Baadaye Issa Juma akawa na Super Wanyika Stars yake. Mkiuliza watu stendi ya Magongo “Sina Makosa” ni wa nani, mtapata majibu matatu na ugomvi mmoja. Ni wa Les Wanyika.

Nikipewa aya ya wimbo huo ningeiandika hivi: anzeni na besi, msianze na sauti. Malanga hajazi nafasi. Anaacha matundu, na ridhimu ya Shabani inaingia katika matundu hayo bila kugusa kingo. Solo haina haraka. Hadithi ya mume na mke wa watu ni ya kawaida kabisa, na inaimbwa bila kulia, ndiyo maana inauma. Wimbo bora wa bendi hii, na nyingi zilizofuata zilikuwa zikijaribu kuurudia. Anayepinga aandike aya yake, nayo ichapwe chini ya yangu.

Kuna watakaosema kazi hii imeshafanywa na wageni. Kweli, na tuwashukuru. John Storm Roberts alikusanya nyimbo za Waswahili katika sahani aliyoiita “Songs the Swahili Sing”, 1983. Ronnie Graham alitoa mwongozo wa Stern's wa muziki wa Afrika mwaka 1988. Mwaka 1994 ukaja mwongozo wa Rough Guide wa muziki wa dunia, ambamo Doug Paterson aliiandika Kenya kwa uangalifu ambao sisi wenyewe hatujaufanya. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa sahani za waimbaji Maulidi na Zein mwaka 1990, na ya Zuhura Swaleh mwaka 1992, na maelezo ndani. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mnunuzi aliye London au Boston, na vilihukumu kile kilichomfikia huko. Pwani ikapata kipande chake ndani ya sura ya nchi nzima, na sura ya nchi nzima ndani ya kitabu cha dunia nzima. Kaseti iliyouzwa Mombasa ikaisha Mombasa haiwezi kuwamo. Nani basi ataiandika, kama si yule aliyeinunua?

Mfano mwingine ni bendi za mahoteli. Wataalamu wengi huzipita haraka: muziki wa watalii, basi. Nami nakubali kwamba “Jambo Bwana” ya Them Mushrooms, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison, ni wimbo mdogo uliotengenezwa vizuri, na aliyeusikia kila wiki ufuoni kwa miaka arobaini ana haki ya kuziba masikio. Boney M. wa Ujerumani wakautia mkono 1983. Safari Sound Band wakaurekodi, na wageni wengi walirudi kwao na kaseti ya hao wa pili wakidhani ndiyo asili. Hili peke yake lastahili mistari mitatu ya mwongozo. Lakini hukumu ya haki haiishii kwenye wimbo mmoja. Bendi hiyohiyo ya Them Mushrooms, katika miaka ya tisini, ilirudi studio na mzee Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyekuwa akirekodi gita tangu miaka ya arobaini, na ikampigia mwimbaji Malika “Vidonge”, taarabu yenye ngoma za dansi ambayo ilitikisa harusi zote za bara na pwani. Anayewaita bendi ya watalii hakusikiliza. Na anayesema kila walichofanya ni dhahabu naye hakusikiliza. Mombasa Roots na chakacha yao ya disko nao wapimwe hivyohivyo.

Kwenye taarabu patakuwa pagumu zaidi, kwa sababu tunaheshimiana na wengine ni jamaa zetu. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alichukua tuni nyingi za filamu za Kihindi. Mwongozo useme hivyo waziwazi, utaje na filamu ikijulikana, kisha useme jambo la pili ambalo wabezaji wake hulisahau: mashairi. Mengi aliandikiwa na binamu yake, Ahmad Nassir, na sauti yake ilijua pa kulitua neno la mwisho la ubeti. Zein l'Abdin, wa Lamu, aliyefariki 2016, alikuwa upande mwingine kabisa: udi wake mwenyewe, mashairi ya kale, na wakati mwingine utaratibu mwingi mno kwa msikilizaji asiye na subira. Sioni tusi hapo. Wafuasi wa hawa wawili wamebishana vibarazani muda mrefu, tena kwa maneno makali kuliko haya. Kila hoja nzuri iliyotolewa ilipotea mara kahawa ilipokwisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kila mtu aijua methali hii, na kwa muziki hakuna anayeitumia hadharani.

Vijana wetu wa roki, mnaokuja na fulana nyeusi na kukaa nyuma, waraka huu ni wenu vilevile. Nairobi ina Crystal Axis na panki yao. Ilikuwa na Duma, wawili waliotoa sahani yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kelele ambayo mzee wa besi aliye karibu nami aliisikiliza yote akauliza tu kama mashine imeharibika. Magazeti ya ng'ambo yaliwaandika sana. Mmoja wao, Lord Spikeheart, akatoa “The Adept” 2024. Je, ni nzuri? Nataka mtu wa Chaani aniambie kwa Kiswahili, akitaja wimbo gani na dakika gani, badala ya kuniambia kwamba wazungu wameisifu. Msikubali kazi yenu ikafika kama sahani za wazee wenu, zisizo na mwaka wala jina la mpiga ngoma.

Masharti ninayopendekeza ni machache. Hakuna anayeandika juu ya sahani asiyoisikiliza mpaka mwisho, pande zote. Hakuna “mkongwe”, “nguli” wala “gwiji”. Aliye gwiji ataonekana kwa kazi yake. Neno “mbovu” liruhusiwe, lakini sharti lifuatwe na “kwa sababu”. Jambo tusilokuwa na hakika nalo, hasa mwaka, liachwe wazi, maana mwaka wa kubahatisha ukishachapwa hautoki tena. Anayehukumu sahani ya shemeji yake aseme kwamba ni ya shemeji yake. Na wazee waliopiga katika bendi hizi, ambao baadhi yao wako hapa hapa ng'ambo ya Makupa, waulizwe wangali wanatusikia: nani alipiga siku ile studio, si nani alitajwa kwenye lebo.

Gharama haitishi. Kuchapa nakala mia moja katika duka la karibu ni chini ya bei ya spika moja ya maana. Mweka hazina atatoa hesabu kamili kikaoni.

Basi naomba hivi. Kila mwanachama aje kikao kijacho na aya moja kuhusu sahani au kaseti moja, kwa mkono au kwa simu, isiyozidi ukurasa. Tutasoma kwa sauti, tutapinga, kisha ndipo tupige kura ya spika. Asiyeweza kuandika alete sahani yenyewe na aseme, katibu ataandika.

Ndimi mwenzenu katika kusikiliza,
Katibu