Tone la chanjo lina faida kuliko pakiti ya dawa

KUKU akianza kukoroma usiku, kupiga chafya na kuacha mdomo wazi akitafuta pumzi, wafugaji wengi hukimbilia jambo moja tu: kununua pakiti ya antibiotiki kwenye agroveti na kuikoroga katika maji ya kunywa. Hufanyika hivyo nyuma ya nyumba zetu mijini, na hufanyika hivyo mashambani. Kwa maoni yangu, mazoea haya yanatuponza mara mbili: kuku wanakufa, na afya yetu wenyewe inaingia hatarini.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi na wafugaji wa kuku wa kienyeji ni kideri, ambao wataalamu huuita Newcastle kwa kuwa ulitambuliwa katika mji huo wa Uingereza mwaka wa 1926. Kuku mgonjwa hupumua kwa shida na kuhara kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kupooza miguu. Boma ambalo halikuchanjwa laweza kubaki bila hata jogoo wa kuwika.

Kideri huletwa na virusi, na hakuna antibiotiki inayoua virusi. Ni kweli kwamba yapo mafua ya kuku yanayovimbisha uso na kutoa kamasi yenye harufu mbaya. Hayo huletwa na bakteria na yana dawa. Lakini mfugaji hawezi kutenganisha maradhi haya kwa kusikiliza mkoromo tu. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Tuchukue mfano wa Takawiri, kisiwa kidogo cha wavuvi katika Kaunti ya Homa Bay, kati ya Mbita na Mfangano. Katika vijiji vya aina hii kuku ndiye benki ya akina mama. Samaki wakiadimika, ndiye anayeuzwa ili mtoto apate daftari au mgonjwa apate nauli ya mashua.

Kisiwa kina neema moja ambayo bara haina: maji ni ua. Ndege wa porini waweza kubeba kideri, lakini njia yake kubwa ni kuku mgeni aliyenunuliwa sokoni, pamoja na tenga na viatu vya mchuuzi. Kuku mgeni akitengwa wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzake, mlango huo umefungwa nusu.

Nusu ya pili ni chanjo. Ipo aina iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia na kutengenezwa pia Kibaha, Tanzania. Inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, jambo la maana mahali ambapo friji si kitu cha kila nyumba, ingawa jua kali huiharibu. Kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, awe kifaranga au jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chanjo ni kinga wala si tiba, kwa hiyo kungoja mpaka kuku wakorome ni kuchelewa.

Kikwazo ni kwamba chupa moja ya chanjo kwa kawaida hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishakorogwa haihifadhiki. Mama mwenye kuku wanane hawezi kuinunua peke yake. Ndiyo maana nasema chanjo ya kuku iwe shughuli ya kijiji wala si ya boma moja. Majirani wachange, waafikiane siku moja, na kuku wachanjwe asubuhi kabla ya kufunguliwa. Huduma za mifugo zilikabidhiwa kaunti mwaka wa 2013. Basi kaunti zenye visiwa ziweke siku hizo kwenye kalenda na kumpeleka afisa kwa mashua.

Msomaji wa mjini asidhani haya hayamhusu. Kuku akinyweshwa antibiotiki na mayai yake yakaliwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti kwisha, masalio ya dawa huingia mezani. Hatari kubwa zaidi ni kwamba dawa ikitumiwa ovyo, bakteria huizoea, na siku mtoto wako atakapougua, dawa huenda isifue dafu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alitoa onyo kama hilo mwaka wa 1945.

Kwa hiyo unapotuma pesa nyumbani ili kuku watibiwe, uliza kwanza kama wamechanjwa. Mkiongeza majirani wachache, pesa hizo zaweza kununua chupa ya kijiji kizima. Na wewe mwenye banda nyuma ya nyumba, wagonge milango ya jirani zako kabla kuku hawajaanza kukoroma.