Saa 200 Hazikufikishi Dubai

Mwandishi mmoja amewashauri wazazi wa Chato wauze maduara yao ya dhahabu na ng'ombe, wapeleke watoto Afrika Kusini kusomea urubani, maana wakihitimu tu mashirika ya Ghuba yatawagombea. Nani kamwambia?

Leseni ya urubani wa biashara, kwa viwango vya kimataifa, hudai takribani saa 200 za kuruka. Ile ya juu, inayomruhusu mtu kuwa nahodha wa ndege kubwa, hudai 1,500. Hapo katikati ndipo ng'ombe wa mzee huishia. Kijana anarudi na leseni ya kigeni, anaanza upya foleni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ili itambuliwe, kisha anabisha hodi kwa kampuni zenye Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Zanzibar. Huko ndiko saa hukusanywa, wala si aibu. Ila viti ni vichache. Na kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake ya pekee, ambayo mara nyingi rubani hujilipia mwenyewe.

Eti Chato tuna uwanja wa ndege! Njia yetu ya kurukia ina kilomita 3, sawa, lakini lami haiajiri mtu.

Mimi ningeanza na daktari wa anga, apime macho na moyo wa mtoto, kabla ya kuuza hata ndama. Halafu ningeulizia ada Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, chenye ndege zake za mafunzo. Kuulizia ni nauli ya basi tu.