Mtoto mtoro hatibiwi kwa mahabusu

 

Ijumaa moja baada ya swala, pale Maili Moja, Kibaha, mzee mmoja alitufuata nje ya msikiti akiwa na ombi lililotusononesha. Mwanawe wa miaka 13 alikuwa ameacha kwenda shule, analala huku na kule, na mara mbili ametoroka nyumbani kabisa. Mara ya kwanza alipatikana stendi ya Mbezi, mara ya pili Gongo la Mboto. Mzee yule hakutaka dua. Alitaka tumtafutie askari tunayefahamiana naye, amweke mtoto ndani kwa wiki moja tu, "apate adabu". Tukamwuliza amezungumza naye mara ngapi tangu arudi safari ya pili. Akatujibu kuwa amemchapa mara tatu.

Hatusimulii haya ili kumfedhehesha, na baadhi ya mambo tumeyabadilisha asitambulike. Mzee wa namna hii yumo katika kila mtaa wa Kibaha, na yumo Kisarawe pia. Wilaya hizi zimelipakata jiji. Mtoto aliyekasirishwa asubuhi Maili Moja au Kisarawe mjini, akipata nauli ya daladala, adhuhuri inamkuta Kariakoo. Huko hakosi wa kumpokea, na wengi wa wapokeaji hao hawamtakii heri. Mvulana hubeba mizigo, huokota chupa au hujifunza kupiga debe. Msichana huchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani katika nyumba ambayo wazazi wake hawaijui, na kwa kuwa haonekani barabarani, hata wale wanaowahesabu watoto wa mitaani humruka.

Jambo la kwanza ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba sheria ya nchi haimtazami mtoto huyu kama mhalifu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18. Mtoto anayezurura bila makazi, anayeombaomba, au ambaye mzazi wake ameshindwa kumlea ipasavyo, sheria hiyo imemweka katika fungu la watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi. Anayepaswa kumshughulikia ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Afisa huyo huchunguza hali ya nyumbani, huwaita wazazi na mtoto, huwapa ushauri, na jambo likiwa zito hulifikisha mahakamani. Hata huko mahakama inaweza kuamuru mtoto abaki kwao chini ya usimamizi wa afisa huyo. Kumfungia mtoto ambaye hakutenda kosa, eti kwa kuwa baba yake amemwomba askari, hakumo katika utaratibu huo. Wiki moja ya mahabusu inamtosha mtoto wa miaka 13 kujuana na watu ambao baba yake angetoa mali yake yote asijuane nao.

Ni kweli kwamba maafisa hawa ni wachache, na kata nyingi hazina hata mmoja. Mama wa Maneromango au Marumbo anayetaka kumwona huenda akalazimika kufunga safari hadi makao ya wilaya, arudi jioni bila kumkuta. Lawama hiyo ni ya haki, na halmashauri zetu zinapaswa kuisikia. Hata hivyo ipo simu ya mtoto, namba 116, inayopigwa bila malipo. Yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Na zipo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ambazo mpango wa taifa ulioanza mwaka 2017 uliagiza ziundwe hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ni msikiti gani wetu unaojua nani ni mjumbe wa kamati hiyo katika mtaa wake?

Tunachelewa kwa sababu ya aibu. Mtoto akiugua malaria tunakimbilia zahanati siku hiyo hiyo, lakini akianza utoro tunamficha. Tunamwambia mwalimu kuwa anaumwa, jirani kuwa amekwenda kwa bibi yake, na siku tunayokiri ukweli mtoto ana miezi sita nje ya shule. Aibu hii haina msingi katika dini yetu. Nabii Nuhu (a.s.) alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na mwanawe alikataa kupanda safina mbele ya macho yake. Hakuacha kumwita mpaka wimbi lilipoingia kati yao, wala hakuna Muislamu anayemdharau Nabii Nuhu kwa ukaidi wa mwanawe.

Tukirudi kwenye fimbo, tunajua wako watakaotukasirikia. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka kumi tangu utoto wake, na amesimulia kuwa siku moja alitumwa, akatoka, akakuta watoto wanacheza, akasimama nao. Mtume akaja akamshika shingoni kwa nyuma. Anas alipogeuka akamwona anatabasamu, akiuliza kama amekwenda alikotumwa. Ule ulikuwa utoro, tena wa kazi ya Mtume mwenyewe! Tuyalinganishe hayo na nyumba zetu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo kingekuwa dawa ya utoro, nchi hii isingekuwa na mtoro hata mmoja.

Shule nayo ina sehemu yake. Wazee wa Kisarawe watakumbuka kuwa wilaya yao ilikuwa miongoni mwa tano zilizochaguliwa mwaka 1999 kufanyia majaribio elimu ya msingi kwa watoto waliokosa, ile tunayoiita MEMKWA. Nyingine zilikuwa Masasi, Ngara, Songea Vijijini na Musoma Vijijini. Watoto waligawanywa katika marika mawili, walio chini ya miaka 14 na wale wa miaka 14 hadi 18, wakasoma kwa miaka mitatu masomo yaliyofupishwa, kisha wengi wakaingizwa katika shule za kawaida. Kijana wa miaka 15 hakulazimika kuketi dawati moja na mtoto wa miaka minane na kuchekwa. Mpango huo haujafutwa, lakini madarasa yake yamepungua sana tangu siku zile, na wazazi wengi hawaulizi kama liko karibu nao. Afisa elimu wa kata ndiye wa kuulizwa. Kwa kijana mkubwa anayetaka ufundi vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwamo cha Kibaha. Na binti aliyekatishwa masomo, hata kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 milango ya shule imefunguliwa kwake. Tusiifunge sisi kwa maneno yetu.

Turejee kwa mzee wetu. Askari hatukumtafutia. Tulimsindikiza yeye na mwanawe hadi ofisi ya ustawi wa jamii, na afisa akamwomba baba asubiri nje kwanza. Alipoitwa ndani alielezwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza mtoto. Mama yake, aliyeachwa mwaka mmoja nyuma, amerudi kwa wazazi wake Masaki ya Kisarawe, si ile Masaki ya matajiri wa Dar es Salaam. Njia ya daladala kutoka Maili Moja kwenda huko hupita Mbezi, kisha Gongo la Mboto. Safari zote mbili mtoto alikuwa anakwenda kwa mama yake, na zote mbili nauli ilimwishia njiani.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza nauli ya mpaka Masaki ni kiasi gani. Sasa mtoto yuko kwa mama yake, na kila mwisho wa mwezi huja Kibaha kumwona baba. Uhamisho wa shule ndio uliosumbua, kwani barua ilizunguka kati ya wilaya hizi mbili kwa wiki kadhaa, na mzee aliifuatilia mwenyewe kwa miguu yake hadi ikapatikana.