Uzee wa Kibonzo Si Ruhusa

Imani moja imeota mizizi miongoni mwa wachapishaji wadogo, walimu wanaotunga vitabu na vijana wanaochapa fulana: kwamba kibonzo kilichotoka gazetini zamani, na mchoraji wake amekwisha kufa, ni mali ya wote. Chukua, safisha, chapa. Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoieneza wanawaingiza wenzao hasarani.

Mtazame Popeye, ambaye wengi wetu tulimjua kwenye televisheni. Alizaliwa gazetini, Marekani, tarehe 17 Januari 1929, katika kibonzo cha E. C. Segar kilichoitwa Thimble Theatre. Segar alifariki mwaka 1938. Ulaya, wanakohesabu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, michoro ya mkono wake imekuwa huru tangu Januari 2009. Lakini huko kwao Marekani kibonzo kile cha kwanza kiliendelea kuwa na mwenyewe hadi mwisho wa 2024. Sheria ya Marekani haiulizi vibonzo vya enzi hiyo mchoraji alikufa lini. Inauliza vilichapishwa lini, na kikomo chake ni miaka 95.

Sasa mtazame Tintin. Yeye alimtangulia Popeye kwa wiki moja tu, tarehe 10 Januari 1929, katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels. Marekani, kurasa zake za kwanza ziliachiwa siku ile ile zilipoachiwa za Popeye. Lakini Hergé, aliyemchora, alifariki mwaka 1983. Kwao Ubelgiji haki zinadumu hadi mwisho wa 2053. Kenya, ambayo sheria yake huhesabu miaka 50 baada ya kifo, ni hadi mwisho wa 2033. Vibonzo viwili vya mwezi mmoja, mwaka mmoja, na kila nchi ina jibu lake. Anayekwambia “ni vya zamani, havina mwenyewe” hajakujibu chochote.

Na huyo mchoraji aliyekufa ni yupi? Segar alipoondoka, Popeye hakuondoka naye. Wengine walishika kalamu, mmoja wao Bud Sagendorf, aliyefariki mwaka 1994. Ukiokota kibonzo cha Sagendorf ukakipigia hesabu ya kifo cha Segar, umekosea kwa zaidi ya nusu karne.

Watetezi wa imani hii wana hoja yao kubwa, nami siikwepi. Vibonzo vilivyochapishwa Marekani kabla ya 1964 vililindwa kwa miaka 28, kisha mwenye haki alitakiwa kuihuisha katika mwaka wa 28. Asipohuisha, haki ilikufa. Uchunguzi wa Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ulionyesha kwamba kazi zilizohuishwa hazikufika asilimia 15 ya zilizosajiliwa. Basi, wanasema, bahati iko upande wetu.

Asilimia hiyo ni ya kazi zote kwa jumla. Haikwambii lolote kuhusu kibonzo ulichoshika mkononi, hasa kikiwa cha shirika la kusambaza vibonzo kama King Features, linaloishi kwa kuuza haki hizo hizo. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: wanatafuta jina la gazeti, wanakuta halikuhuishwa, wanashangilia. Hawajui kwamba gazeti linaweza kuwa huru huku kibonzo kilichomo ndani yake kina mwenyewe, aliyekisajili peke yake na kukihuisha peke yake. Ushahidi uko kwenye maandishi madogo mno kando ya picha au katikati ya visanduku, ambayo nakala za mtandaoni mara nyingi huyafifisha au kuyakata kabisa. Wachoraji walijua thamani ya maandishi hayo tangu mapema. Bud Fisher, mwenye Mutt na Jeff, alipokuwa akihama San Francisco Chronicle mwaka 1907, aliandika jina lake kuwa mwenye hakimiliki juu ya mchoro wenyewe, na kwa mstari huo akabaki na wahusika wake hata gazeti lilipoweka mchoraji mwingine wa kuwaendeleza.

Kupata jibu si kazi ya kubahatisha. Madaftari ya usajili ya Marekani yamepigwa picha na yanasomwa bure mtandaoni. Kibonzo cha 1940 hutafutwa katika uhuishaji wa 1967 na 1968, kwa jina lake, la mchoraji na la shirika. Kilichochapishwa kuanzia 1964 usikitafutie uhuishaji: haki yake ilijihuisha yenyewe au haikuhitaji kuhuishwa. Cha 1930 kurudi nyuma, huko Marekani kiko huru tangu 1 Januari 2026, ingawa jina na sura ya mhusika huenda bado ni alama ya biashara ya mtu, na fulana ndipo alama hizo zinapouma.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uvivu huu unatunyima hata kilicho chetu. Kati ya 1931 na 1963 vipo vibonzo ambavyo hakuna aliyevihuisha, ambavyo mwalimu angeweza kuvitumia huko Marekani bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwoga havigusi kwa sababu hajakagua. Jasiri anavichanganya na vya watu kwa sababu naye hajakagua.

Na msiihamishie hesabu ya Marekani nyumbani. Juha Kalulu wa E. G. Gitau, aliyetuchekesha kwa miongo kadhaa katika Taifa Leo, hakuhitaji kuhuishwa na mtu. Sheria ya Kenya inamlinda maisha yote ya mchoraji wake na miaka 50 baada yake. Ukimkuta kwenye gazeti lililogeuka manjano, mtafute mwenye haki umwombe. Ukimkosa, usichape.