KUNUNUA BAISKELI YA MTUMBA



Wanachama kadhaa wa Shella wametuuliza kama yafaa mfanyakazi anunue baiskeli kuukuu, hasa zile za tairi nene ambazo vijana huziita mauntenibaiki. Jibu letu ni kwamba yafaa, lakini si kila baiskeli, wala si kwa kila bei. Twaandika haya kwa sababu tumeona jasho la mwezi mzima likiishia kwenye chuma kilichooza, na muuzaji akishatia fedha mfukoni hakujui tena.

Reli haikufika Malindi. Sisi wenye nyumba Shella na kazi Mombasa tutaendelea kupanda matatu, na baiskeli haitatuondolea nauli hiyo. Lakini tuseme mtu hulipa bodaboda shilingi 50 kwenda kazini na 50 kurudi, awe anakaa Mombasa au hapa hapa mjini. Kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 2,600. Baiskeli ya shilingi 10,000 itakuwa imejilipa kabla mwezi wa nne haujaisha. Hesabu hii ni ya kweli ikiwa baiskeli yatembea. Ikiwa kila wiki imelala kwa fundi, basi utamlipa fundi na bodaboda utamlipa vilevile.

Kwa hiyo mwenye shilingi 10,000 asinunue baiskeli ya shilingi 10,000. Atafute ya 7,500, na zinazobaki ziwe za cheni, mipira ya breki, tyubu na kufuli. Mtumba hauna budi kutiwa mkono kabla haujawa mali yako.

Wazee wetu walijua ile baiskeli nyeusi nzito, Black Mamba, iliyobeba samaki, nazi na magunia ya makaa. Ni chombo cha heshima na hatuidharau, ila kwenye mchanga na kwenye kilima yachosha miguu. Baiskeli za mlimani zilianza California, Marekani, katika miaka ya 1970, na walioanzisha mchezo huo hawakuwa na baiskeli mpya: walichukua kuukuu za zamani, wakazitia tairi nene na breki za nguvu, wakashuka nazo milimani. Basi mtu asione haya kuanza na kuukuu. Kwetu sisi milima hakuna, lakini tairi nene yafaa kwa vichochoro vya mchanga vya Shella na barabara za vumbi za huko Ganda na Kakuyuni. Ukiingia mchangani punguza upepo kidogo. Ukirudi kwenye lami utie tena.

Adui mkubwa wa baiskeli hapa kwetu ni chumvi. Rangi yaweza kung'aa na ndani mmeoza. Kwa hiyo usinunue usiku, wala usinunue baiskeli iliyopakwa rangi juzi. Tazama chini ya fremu, pale pedeli zinapopita, na mahali fremu inapoungana na uma wa mbele. Ufa mwembamba hapo ni sababu ya kuondoka bila kuuliza bei. Kisha jaribu kupandisha na kushusha bomba la kiti. Likiwa limeshikana na fremu kwa kutu, utaendesha kwa kimo cha mwenyewe wa kwanza hadi mwisho. Springi za mbele zibonyeze kwa uzito wako wote. Ikiwa hazirudi, huo ni mzigo tu, na afadhali uma mgumu usio na springi. Zile zenye springi nyuma pia, kwa bei ya mfanyakazi, tusizitamani.

Sisi wa reli tumezoea kuona mkaguzi wa mabehewa akigonga gurudumu na kusikiliza. Fanya vivyo hivyo. Inua baiskeli, zungusha gurudumu, utazame rimu inavyopita kwenye breki: ikicheza kidogo fundi ataikaza kwa spoki, ikicheza sana iache. Pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu; ukikuta bonde, imeliwa. Shika breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongo chini ya usukani, gololi zimekwisha au zimelegea. Shika mkono wa pedeli uutikise kwa upande. Cheni nayo ina kipimo chake, na rula ya shilingi chache yatosha. Kila kiungo ni nusu inchi, kwa hiyo viungo 24, kutoka pini hadi pini, ni inchi 12 kamili. Pini ya mwisho ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, basi meno ya gia nayo yameliwa, na hiyo ni gharama ya pili. Muuzaji akikuona na rula bei hushuka yenyewe.

Gia nyingi si sifa. Nyuma sita au saba zatosha, na vyuma vyake havisumbui kupatikana. Kadhalika breki za mpira zinazobana rimu. Zile za sahani zenye mafuta ni nzuri, lakini zikiharibika si kila fundi wa chini ya mwembe aziwezaye. Simama ukiwa umepanulia fremu miguu: pawe na nafasi ya inchi mbili hivi. Dada zetu wavaao buibui watafute fremu yenye bomba la chini na kifuniko cha cheni, na asiwacheke mtu.

Jambo moja anayeanza haambiwi. Baiskeli zilizotoka Uingereza na Japani, breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Zilizotoka Uholanzi au Ujerumani huwa mkono wa kushoto. Jaribu kabla hujapanda. Mtu akibana ya mbele peke yake kwenye mchanga ataanguka, na akianguka barabara ya Lamu kuna magari nyuma yake.

Sasa karatasi. Usilipe bila risiti yenye jina la muuzaji na namba iliyopigwa kwenye fremu, ambayo mara nyingi huwa chini pale pedeli zinapopita. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chamhusu apokeaye mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na adhabu yake yaweza kufika miaka 14. Baiskeli nzuri mno kwa shilingi 2,000, usiku, kwa mtu asiyetaka kuandika jina lake, ni sababu tosha ya kuamini.

Na fedha zenyewe zitoke wapi? Twawasihi wanachama wasikope kwa simu kwa ajili ya baiskeli. Chama cha akiba kipo, na hata mchezo wa kupeana wa watu kumi watosha. Anayekatwa kwenye mshahara akumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yakataza makato yote pamoja kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Karani akisema vingine, aje kwetu na karatasi yake ya mshahara.

Limebaki la mahali pa kuziweka. Haifai mtu afunge baiskeli kwenye mti, juani, kisha aambiwe kwamba ikiibwa ni shauri lake, hali magari ya wakubwa yana banda na askari. Jambo hili tutalipeleka kwenye kikao kijacho na waajiri, lakini hatuwezi kudai banda bila kusema ni la baiskeli ngapi. Wenye baiskeli, na wanaokusudia kununua, waandikishe majina kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.