Pembe Iliyokatwa

Kijana alikuja ofisini kwetu akiwa ameshika toleo letu la mwaka jana, limekunjwa kwenye ukurasa mmoja. Hakugomba. Alifungua simu yake, akailaza kando ya ukurasa ule, akasema, "Papa Mhariri, angalia mwenyewe."

Picha ilikuwa ile ile. Wamama watatu na vikapu vyao kwenye barabara ya Beni, karibu na kuingia Butembo, ukungu wa asubuhi bado umekalia vilima nyuma yao. Kwenye simu, pembe ya chini ilikuwa na jina lake na tarehe, kwa herufi ndogo nyeupe. Kwenye jarida letu pembe ile haikuwapo. Nilijitetea haraka, kama afanyavyo kila aliyeshikwa: picha tuliitoa katika kundi la WhatsApp, labda ilikwisha kukatwa huko. Alipoondoka nikafungua kompyuta tunayopangia kurasa. Picha ilikuja kwetu na pembe yake. Tuliikata sisi, kwa sababu safu ya maandishi ilikuwa nyembamba na jina la mtu lilituzidi kwa upana wa kidole.

Ndiyo maana toleo hili linazungumzia sheria na mashine za kunakili. Nilitamani kuandika juu ya wezi wengine.

Sheria yenyewe ipo, tena ya zamani. Ni Sheria-amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi na za wale walio karibu nao, kama waimbaji na watengenezaji wa rekodi. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Iliandikwa enzi za kanda za kaseti, chini ya Mobutu, na faini zake ziliandikwa kwa zaire. Vijana watatuuliza zaire ni nini. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilifanywa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Yaani franka moja ya leo ni sawa na zaire bilioni 300 za siku ile sheria iliposainiwa. Mwanasheria atanikosoa kwamba mahakimu wana njia zao za kubadilisha faini za kale, na ni kweli. Lakini sheria ambayo adhabu yake inahitaji hesabu za namna hiyo kabla haijamtisha mtu, haimtishi mtu.

Kuna pia shirika la kukusanya haki za watunzi. Kwanza ilikuwa SONECA, tangu 1969, kisha mwaka 2011 ikaja SOCODA. Kazi yake ni kudai malipo kwa wanaotumia kazi za wasanii hadharani, mabaa, hoteli na redio zikiwamo, na kuyagawa kwa wenye kazi. Lakini liko Kinshasa, mbali na sisi, na huwezi kufika kwa gari.

Sasa ingia burotiki yoyote ya Boulevard Nyamwisi kule Beni, au ya mitaa ya Furu hapa Butembo. Kompyuta moja, waya nyingi, fotokopi inayokohoa, na kijana anayekuuliza unataka kadi yako ya memori ijazwe nini. Ana rumba ya Kinshasa, bongo fleva, nyimbo za injili, mfululizo wa Kihindi, filamu za mapigano zilizosimuliwa kwa Kiswahili au Kiganda. Hakuna aibu hapo wala mlango wa nyuma. Mkuu wa shule hujaza kadi yake, mchungaji pia, polisi pia. Ukimwuliza kijana anauza nini hatakujibu kwamba anauza muziki. Atakuambia anauza umeme na muda wake: esansi ya jenereta ameinunua, virusi amevisafisha, saa yake umeichukua. Kwa akili yake, wimbo umepita tu mikononi mwake kama mvua inavyopita kwenye bati.

Mimi siwezi kumnyooshea kidole. Nilisoma chuo kikuu kwa fotokopi. Silabusi moja tuliichangia watu sita, tukaipeleka kunakiliwa usiku, asubuhi tukaketi mbele ya profesa aliyeiandika huku kila mmoja ameshika nakala yenye kivuli cheusi pembeni. Profesa aliona, akaendelea kufundisha. Nani angemlaumu nani? Vitabu halali havikuwa vinauzwa mjini. Hata leo, mtu wa Butembo akitaka kununua wimbo kihalali, kwa franka zake, bila kadi ya benki, ataelekezwa duka gani? Sheria inayokataza mlango mmoja wakati hakuna mlango mwingine inafundisha watu kitu kimoja tu, kwamba sheria ni maneno ya watu wa mbali.

Lakini burotiki hizi zina tabia moja iliyonifumbua macho. Fungua kadi yako ukifika nyumbani, utazame majina ya nyimbo. Mara nyingi jina la mwimbaji limeondoka. Mahali pake utakuta "Mix ya ndoa 3", au jina la burotiki yenyewe na namba yake ya simu. Angalia jambo hilo kwa makini. Yule anayesema wimbo hauna mwenyewe amehangaika kuandika jina lake juu yake. Anajua kabisa jina lina thamani gani. Ndivyo nasi tulivyojua, tulipochapa jina la jarida kwa herufi kubwa kwenye jalada na kukata la mpiga picha ukurasa wa ndani.

Upande mwingine sheria za teknolojia zina meno, na zimeshatuuma. Watu wote wanaikumbuka RAM, rejista ya simu iliyoanza Septemba 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya kisasa, zikikatwa kwenye vocha yako kabla hujasema halo. Ilifutwa mwanzoni mwa 2022 baada ya nchi nzima kupiga kelele. Tunakumbuka pia intaneti iliyozimwa tarehe 31 Desemba 2018 na kurudi karibu wiki tatu baadaye, wakati matokeo ya uchaguzi yakitangazwa. Uchaguzi ambao sisi wa Beni na Butembo tulikuwa tumeahirishiwa hadi Machi 2019. Kisha tarehe 13 Machi 2023 ikaja Kanuni ya Dijitali, sheria-amri namba 23/010. Kifungu chake cha 360 kinampa kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita, au faini ya franka 500,000 hadi 1,000,000, au vyote viwili, mtu anayeanzisha au anayesambaza habari ya uongo dhidi ya mwingine. Kuanzisha au kusambaza, vyote sawa.

Aliyejulikana nchi nzima kwa kifungu hicho hakuwa tapeli wala mchochezi wa chuki. Alikuwa mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023 kwa makala ambayo haikubeba jina lake, akakaa gerezani hadi Machi 2024. Kwa hiyo mtu wa kawaida akiniambia kwamba sheria ya mtandao ni fimbo ya wakubwa, sina jibu la kumnyamazisha. Huku kwetu kuna jambo la ziada: tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, mashauri ya jinai ya raia yalikabidhiwa mahakama za kijeshi. Mwanamuziki wa Beni aliyeibiwa albamu yake afanyeje? Ampeleke mwenye burotiki mbele ya hakimu mwenye nyota begani, katika mji ambao watu wake wamechinjwa mashambani tangu Oktoba 2014? Angeonekana amerukwa na akili, na pengine angeona aibu mwenyewe.

Basi wako wanaohitimisha: sheria ya kunakili haifanyi kazi, sheria ya mtandao inafanya kazi vibaya, kila mtu ajifanyie. Hapo ndipo ninapoachana nao. Katika hakimiliki kuna haki mbili. Moja ni ya mfuko, yaani kulipwa. Ya pili ni ya utu wa mtunzi: kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Mkataba wa Berne, ambao nchi yetu imo, umeweka haki hiyo ya pili katika kifungu chake cha 6 bis tangu mwaka 1928. Haki ya mfuko inahitaji shirika, benki, duka, hakimu. Vitu ambavyo hatuna, au tunavyo nusu. Haki ya jina haihitaji hata kimoja. Inahitaji mkono wako usifanye kitu. Mwenye burotiki asibadilishe jina la faili. Mtangazaji ataje nani ameimba. Mhariri asikate pembe.

Nimesikia jibu la wanamuziki wetu, tena kwa ukali: jina halipikwi. Ni kweli. Lakini hata ikitokea kesho SOCODA ikusanye pesa za kila baa kutoka Oicha hadi Lubero, itamgawia nani kama redio zetu zinapiga nyimbo zisizotajwa na kadi zetu zimejaa "Mix 3"? Malipo hufuata orodha, na orodha hufuata jina. Anayefuta jina leo anaiba hata pesa ambazo bado hazijakusanywa.

Na mazoea ya kidole hayabagui wimbo na habari. Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa zito kuliko muziki. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizwa tarehe 25 Juni 2020 ikiwa imeua watu 2,287, simu zetu zilijaa sauti zisizo na mwenyewe. Watafiti waliouliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018 walikuta mmoja kati ya wanne haamini kwamba ugonjwa upo. Sauti zile hazikuwa na jina, mahali, wala siku. Tulizipitisha. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini hapa Butembo. Sisemi sauti fulani ndiyo iliyomuua. Nasema tuliishi miezi ile ndani ya maneno yasiyo na baba.

Picha nazo husafiri hivyo hivyo. Mwezi Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Sange, Kivu ya Kusini, watu zaidi ya 200 wakaungua. Picha ya miili ile iliondolewa mahali pake na tarehe yake, ikazungushwa duniani kama ushahidi wa Wakristo waliochomwa Nigeria. Wafu wa Sange walikufa, kisha wakanyang'anywa hata kifo chao. Kila mara picha ya mauaji inapofika kwenye simu yangu kutoka Mayangose au Eringeti, au inayodaiwa kuwa ya huko, nakumbuka kwamba ilikuwa na pembe, na kwamba mtu fulani aliikata kabla yangu.

Hapa naombwa nijibu swali la haki. Kuna watu Beni wanaopiga picha wasiyotaka yeyote ajue wamepiga. Jina likibaki, wanaoonekana pichani watajua mlango wa kubisha. Nakubali, na nimewahi kuficha majina ya aina hiyo kwa hiari yangu. Lakini anayeficha jina lake kwa kuogopa kisasi ametumia haki yake. Mimi nikilifuta kwa sababu safu ni nyembamba, nimetumia haki yake pia, bila kumwuliza. Picha ya kwanza tutaichapa na maneno "mpiga picha ameomba asitajwe", pamoja na mahali na siku, ikiwa hayo hayamponzi. Ya pili isichapwe kabisa.

Hiyo ndiyo kanuni tunayoanza nayo katika toleo hili, na haikutoka kwa wakili. Hatuchapi picha tusiyojua imepigwa na nani, wapi, lini. Hatunakili shairi wala wimbo wa mtu kwa sababu tu umeshazagaa. Na kwa kuwa tunajua jarida hili litapigwa fotokopi, maana bei yake ni ya juu kwa mwanafunzi na wengi wenu mnalisoma likiwa na kivuli cheusi pembeni, tunawaruhusu. Nakilini. Gawaneni. Lakini makala iende na jina la aliyeiandika, na kama karatasi haitoshi, punguzeni maneno ya mhariri.

Yule kijana nilimwita tena. Nilimwambia kwamba tulikata sisi. Hakuonekana kushangaa. Nilimwuliza anadai kiasi gani, akasema dola 10, ile bei ambayo tungemlipa siku ya kwanza kama tungemwuliza. Tumemlipa dola 20, baada ya miezi kumi na mmoja, na picha yake iko ukurasa unaofuata, na pembe yake.