Mirungi ya Same: Kufyeka mashamba kunatosha?

Operesheni za mirungi zimepanda milima ya Upare zaidi ya mara moja. Miti inafyekwa, inachomwa, picha zinasambaa kwenye simu. Baada ya muda, maofisa wanapanda tena.

Sheria iko wazi. Mirungi ni mmea uliopigwa marufuku na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na mamlaka husika, DCEA, imeshateketeza mashamba wilayani Same. Kisichozungumzwa sana ni hiki: kwa nini mkulima anayejua anaweza kufungwa bado anapanda?

Maswali ya aina hiyo ndiyo Profesa Leonard Shaidi aliyoyajengea maisha yake ya kitaaluma.

Shaidi ni nani?

Ni msomi wa sheria ya jinai na kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mwaka 1985 alipata PhD hapohapo kwa utafiti uliotafuta maelezo ya uhalifu Tanzania Bara kwenye historia na uchumi, siyo kwenye tabia ya mtu mmoja mmoja tu.

Mwaka mmoja kabla, alichambua sheria ya Nguvukazi ya 1983 kwenye jarida la Review of African Political Economy. Enzi hizo uchumi umebana, bidhaa hazipatikani madukani. Watu wasio na kazi mijini wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Msako ulikuwa mkali, lakini shida iliyowaleta mjini ilibaki palepale.

Mwaka 1992, kwenye kitabu cha Criminology in Africa, alifuatilia haki jinai kuanzia enzi za jadi, ukoloni hadi wakati wake.

Same inaingiaje?

Kazi hizo hazikuhusu mirungi, ila namna yake ya kuuliza inafaa hapa. Upareni wanajua kwamba sheria na tumbo vinaweza kugongana.

Januari 1945, maelfu ya Wapare walishuka milimani wakapiga kambi Same kupinga kodi ya mbiru. Kwa mkoloni walikuwa wakaidi, na baadhi ya viongozi wao waliondolewa wilayani. Mwishowe kodi yenyewe ndiyo ikafutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mtoto wa Upareni, aliyaandika haya.

Mirungi siyo mbiru. Majani haya yana madhara kwa afya, na serikali ina sababu ya kuyadhibiti. Lakini amri inapogusa mfuko wa kaya, nguvu peke yake haimalizi kazi.

Hesabu ya mkulima

Mirungi ikishakomaa huchumwa mara kadhaa kwa mwaka na hela inaonekana haraka. Kahawa mpya inataka kama miaka 3 kabla ya kuvunwa. Tangawizi, zao lenye kiwanda chake Mamba Myamba, inakaa shambani miezi 8 hadi 10, na bado mkulima anawaza bei na barabara.

Halafu kuna mpaka. Ng'ambo tu, Kenya, mmea huohuo unaitwa miraa na ni zao halali la biashara.

Kipimo kiwe nini?

Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai 2023, iliangalia taasisi zinazokamata, kushtaki na kufunga. Swali la Shaidi linaanza kabla ya pingu: nini kimemfikisha mtu huyu hapa?

Kwa Same, maana yake ni kwamba ekari zilizofyekwa zisiwe kipimo pekee. Baada ya moshi kuisha, ihesabiwe pia: kaya ngapi zimepata miche, nani amewahakikishia soko, na watoto wao wanakula nini wakati kahawa inasubiriwa. Bila majibu hayo, operesheni ijayo itawakuta wakulima walewale, kwenye mashamba yaleyale.